Wayaringi imekwisha: nani anakagua, anapima nini, na nidai karatasi gani?

MjengoKibaha

Habari zenu wakuu.

Nyumba iko Kibaha: vyumba vitatu, sebule, jiko, vyoo viwili. Wayaringi imekwisha, plasta imekauka, dari la jipsamu limefungwa. Taa zimevutwa kwa waya wa 1.5 (milimita za mraba), soketi kwa 2.5 (ringi mbili, yaani waya unatoka kwenye breka, unapita soketi zote na kurudi kwenye breka ileile), jiko la umeme kwa 6, hita ya bafuni kwa 4. Meinswichi ni ya njia nane, ndani kuna breka peke yake, RCCB (swichi inayokata umeme ukivuja) hakuna. Athi ni rodi moja ya mita 1.2 iliyopigwa nyuma ya jiko.

Kazi imefanywa na fundi wa mtaani. Mkono wake ni msafi ila leseni hana. Anasema nisihangaike, kuna mkandarasi atagonga mhuri kwenye fomu na maombi yataenda TANESCO bila shida. Kuhusu RCCB anasema ni gharama ya bure, maadamu athi ipo na breka zipo.

Naomba kujua: huo mhuri ndio ukaguzi wenyewe? Kama sio, nyumba kama hii inapimwa nini hasa, kwa kifaa gani, na namba zipi ndizo za kukubali au kukataa? Sihitaji kufundishwa ufundi, nataka nikisimama pale na mkaguzi nijue anachofanya.

---

Mzee_wa_Paipu

Mkuu, mhuri ni mhuri. Ukaguzi ni mtu kufungua meinswichi, kukaza skrubu, kupima na kuandika alichokiona kwenye kifaa. Ukiona mkandarasi amegonga mhuri akiwa amekaa kwenye kijiwe chake, basi umenunua wino.

Kwa upande wa sheria: Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 imeiweka kazi ya kufunga umeme kwenye orodha ya shughuli za leseni, na leseni hiyo inatolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Zina madaraja, na daraja ndilo linaloonyesha mwenye leseni anaruhusiwa kazi ya volti na ukubwa gani. Nyumba ya fezi moja haihitaji daraja la juu. Kinachohitajika ni leseni iwe hai na jina lililo juu yake liwe la huyu anayesaini. Omba namba ya leseni, ithibitishe EWURA kabla hujatoa hata mia. Fundi wako wa mtaani anaweza kuwa hodari kuliko wengi wenye leseni, sibishi, lakini nyumba ikiungua swali la kwanza litakuwa ni nani aliyethibitisha, na jibu likiwa "fundi fulani wa pale kona" hapo umebaki peke yako.

Njia iliyo safi ukiwa umeshafika hapo ulipo: usitafute wa kugonga, tafuta wa kupima. Mwambie waziwazi kazi imefanywa na mtu mwingine na unataka aikague yote, na asipoiridhia aseme kirekebishwe nini. Mkandarasi makini atakataa kusaini asichokiona, kwa hiyo fundi wako awepo siku hiyo na aje na mchoro wa paipu zilivyopita. Kama mlipiga picha kabla ya plasta, zina thamani kubwa kuliko mchoro.

Kuhusu TANESCO: maombi, yawe kwa NiKonekt (mfumo wao wa mtandaoni) au dirishani, yanataka taarifa za mkandarasi wa wayaringi. Msavei akija anaangalia umbali wa nguzo, waya wa huduma utapita wapi na mita itakaa wapi. Hajaja kuipima ringi yako ya soketi chumba cha watoto, na si haki kumdai hilo. Ndani ya nyumba ni dhamana ya mkandarasi na yako mwenyewe.

Karatasi ya kudai, mbali na ile fomu ya maombi: ukurasa mmoja au miwili wenye jina la mkandarasi, namba na daraja la leseni na tarehe ya kuisha kwake, mahali nyumba ilipo, halafu jedwali. Kila breka na mstari wake: inalisha nini, ukubwa wa waya, ampia za breka, na matokeo ya vipimo kwa namba. Pale palipoandikwa "SAWA" au tiki tupu kwenye safu ya omu, mrudishie akajaze. Chini iwepo aina na namba ya kifaa alichopimia, tarehe, saini, ndipo uje mhuri.

Nakala moja iweke ndani ya mlango wa meinswichi kwenye mfuko wa nailoni. Fundi wa miaka 10 ijayo atakushukuru.

---

Omu_na_Volti

Mzee kamaliza upande wa karatasi, mimi nashika vipimo. Lakini kwanza hilo la RCCB, maana ndilo hatari kuliko yote uliyoandika.

"Athi ipo na breka zipo" ni hesabu isiyojumlika. Mfumo wako ni wa rodi yako mwenyewe, yaani umeme ukivuja kwenye bodi ya friji lazima upite ardhini mpaka urudi kwenye transfoma. Ardhi si shaba. Chukua rodi nzuri kabisa, omu 20. Volti 230 gawanya kwa 20 unapata ampia 11.5. Breka ya soketi ni ampia 32. Itakaa hapo imetulia kana kwamba umewasha pasi, na bodi ya friji itabaki na volti karibu zote 230. Athi peke yake haiwezi kuidondosha breka kwenye mfumo huu, hata ukipiga rodi tatu. RCCB ya miliampia 30 yenyewe haisubiri ampia, inalinganisha kinachokwenda kwenye fezi na kinachorudi kwenye nyutro, tofauti ikifika hapo inakata. Kwa hiyo RCCB si pambo. Bila hiyo, mkaguzi anayejua kazi hapaswi kusaini.

Sasa vipimo, na mpangilio wake una maana. Vya kwanza vyote vinafanyika umeme ukiwa haujaingia, na hapo ndipo nyumba yako ilipo, bahati nzuri.

*Mwendelezo.* Anapima kwamba waya wa athi unafika kila soketi, kila taa ya chuma, jiko, hita. Kwenye ringi kuna kipimo chake maalumu na hiki ndicho wengi wanakiruka: anazitoa kwenye breka ncha mbili za fezi za ringi moja na kupima ncha kwa ncha. Waya wa shaba wa 2.5 una omu 0.0074 kwa mita, kwa hiyo ringi ya mita 50 itasoma kama 0.37. Nyutro isome sawa na fezi, tofauti isizidi 0.05. Athi ikiwa ni ya 1.5 itasoma juu kidogo, kama mara 1.6. Ikisoma wazi kabisa, ringi imekatika mahali. Taa zote za nyumbani zitawaka, soketi zote zitafanya kazi, hakuna atakayejua. Ila sasa una nyaya mbili za 2.5 zinazojitegemea chini ya breka ya 32, wakati waya wa 2.5 ndani ya paipu ukutani unabeba ampia 20 na kitu tu. Unachemka taratibu ndani ya plasta.

Baada ya hapo anavuka: ncha moja ya fezi na ncha ya pili ya nyutro zinafungwa pamoja, na zilizobaki vivyo hivyo, halafu anapita soketi moja moja akipima fezi kwa nyutro. Kila soketi lazima isome karibu sawa, robo ya jumla ya zile mbili. Kwa mfano wetu, 0.37 jumlisha 0.37 gawa kwa 4 ni kama 0.19. Soketi itakayosoma juu zaidi imetolewa kama tawi, au skrubu yake imelegea.

*Insulesheni,* yaani ganda la waya lisivujishe umeme. Hapa ndipo mega, kifaa cha kuipima, inapoingia, kwa volti 500 za DC. Balbu zote zitoke, vitu vyote vichomolewe, kinga ya radi kwenye meinswichi itolewe, swichi za taa ziwe zimewashwa. Fezi na nyutro zinafungwa pamoja, zinapimwa dhidi ya athi. Baadaye fezi dhidi ya nyutro, kama hakuna kifaa cha elektroniki kilichobaki. Chini ya megaomu 1 haikubaliki. Nyumba mpya kavu husoma mamia. Ikisoma 2 au 3 imepita kwa kanuni, lakini mimi ningetafuta sababu. Swichi za njia mbili za korido zipimwe kwa mikao yote miwili, vinginevyo waya mmoja unabaki haujaguswa.

*Polariti.* Swichi ikate fezi, sio nyutro. Soketi ukiitazama usoni, fezi iwe kulia. Holda za skrubu, fezi iende kwenye ncha ya katikati. Angalizo: kile kiplagi cha taa tatu kinachouzwa madukani hakiwezi kukuambia kama nyutro na athi zimebadilishana. Kitakuonyesha taa za "salama" huku nyaya zimepishana.

*Athi.* Kuna kifaa cha nyaya tatu. Waya wa athi unatolewa kwenye rodi (meinswichi ikiwa imezimwa), kijiti cha mkondo kinachomekwa mita kama 20 kutoka kwenye rodi, kijiti cha volti mita kama 12 kwenye mstari huohuo. Anasoma, anasogeza kile cha 12 mita chache mbele na nyuma, anasoma tena. Namba tatu zikikaribiana, wastani ndio jibu. Zikipishana sana vijiti viko karibu mno au kuna bomba la chuma chini. Multimita ya kawaida haipimi kitu hiki, mtu asikudanganye.

Kwa hesabu ya RCCB ya miliampia 30, kikomo cha kihesabu ni omu 1,667 (volti 50 gawa kwa 0.03). Lakini rodi yenye omu zaidi ya 200 haitabiriki, ikija kiangazi inapanda. Ukipima mwezi wa mvua jua kwamba unaona sura nzuri ya rodi yako.

*RCCB,* umeme ukishaingia. Kwa miliampia 15 isikate. Kwa 30 ikate ndani ya milisekunde 300. Kwa 150 ndani ya milisekunde 40. Kitufe cha T kinathibitisha springi na koili za ndani tu, hakisemi lolote kuhusu athi yako. Unaweza kuchomoa waya wa athi mzima na T bado itadondosha.

---

DadaSakiti

Naongezea yale ya macho, kwa sababu kipimo kinaweza kupita na kazi ikawa bado mbovu.

Kaka Mjengo, panda darini kabla mkaguzi hajaja. Viungo vya waya viwe ndani ya boksi lenye mfuniko na konekta. Ukikuta waya umesokotwa ukazungushiwa tepu nyeusi na kuachwa juu ya jipsamu, hapo ndipo moto wa nyumba nyingi huanzia: tepu inakauka kwa joto la bati, inafunguka, panya anamalizia. Mega haitauona huo, siku ya kupima tepu ni mpya.

Waya wenyewe. Madukani kuna waya wa alumini uliopakwa shaba, na kuna wa shaba kweli lakini mwembamba kuliko ulioandikwa. Kwangua kipande kwa wembe, ukiona rangi ya fedha chini ya shaba umepigwa. Kwa wembamba, roli zima la mita 100 la 2.5 lisome kama omu 0.74 ncha kwa ncha, la 1.5 kama 1.21, ukishatoa omu za nyaya za mita yenyewe. Kwa joto la Pwani ongeza asilimia nne hivi. Likisoma 1.1 kwa roli la 2.5, rudisha dukani. Alama ya TBS (shirika la viwango) itazame, ila usiishie kwenye alama, alama nayo inachapwa.

Rangi. Sokoni mchanganyiko ni mkubwa. Zamani nyekundu ni fezi, nyeusi ni nyutro. Mpya kahawia ni fezi, bluu ni nyutro. Tatizo liko kwenye nyeusi: kwa mtindo mpya wa fezi tatu nyeusi ni fezi. Nyumba moja ishike mtindo mmoja. Kijani chenye mstari wa njano ni athi tu na isitumike kamwe kama waya wa kurudisha swichi, hata kama rangi nyingine zimekwisha na duka limefungwa. (Ndivyo inavyotokea jioni, sote tunajua.)

Bafuni ndiko ningekaa muda mrefu. Ile hita inayochomekwa kwenye shawa, kama ni ya wati 5,500, inakula ampia 24. Waya wako wa 4 ni sahihi, breka isizidi 32, na iwepo swichi ya kukata fezi na nyutro zote mbili, ikae nje ya mlango au ya kamba darini. Swichi ya taa ya kawaida ndani ya bafu hapana, soketi hapana. Waya wa athi wa hita uingie kwenye terminali yake. Mafundi wengine huuacha unaning'inia wakisema bomba ni la plastiki, kumbe maji yenyewe ndiyo yanayobeba umeme. Halafu jua mapema: hizi hita zenye koili inayoguswa na maji moja kwa moja huvujisha umeme kidogo kwa asili yake, na baadhi hudondosha RCCB kila mtu anapooga. Dawa ni kununua yenye koili iliyofunikwa. Dawa SIYO kuihamisha hita nje ya RCCB, ingawa hiyo ndiyo utakayopendekezewa.

Fungua pia soketi mbili tatu bila kuchagua. Vuta kila waya kidogo kwa mkono. Waya ukitoka, kazi nzima irudiwe skrubu.

---

Wa_Kitengela

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Kwetu Kenya mtiririko unafanana ila majina ni tofauti. Leseni za mafundi wa stima hutolewa na EPRA, mamlaka yetu ya nishati, fundi aliyesajiliwa anajaza cheti cha kukamilisha wayaringi, na cheti hicho ndicho kinachoambatishwa na maombi ya Kenya Power. Ugonjwa ni uleule: cheti kinasainiwa na mtu ambaye hajakanyaga ploti. Kwa hiyo ushauri wa Mzee wa Paipu wa kutaka namba badala ya tiki, hata huku unafaa.

Swali dogo kwa Omu: watu hapa humwaga chumvi na makaa kwenye shimo la athi. Mnasemaje?

---

Omu_na_Volti

@Wa_Kitengela chumvi inashusha omu kweli, kwa msimu mmoja. Mvua inaiosha, na kabla ya hapo inaila rodi, hasa hizi za chuma zilizopakwa shaba nyembamba. Ukipima siku ya kukabidhi unapata namba nzuri, mwaka wa pili huna rodi. Bora rodi ya pili, umbali usiopungua urefu wa rodi yenyewe na ikiwezekana mara mbili yake. Ukizibananisha hatua moja umepiga rodi moja nene. Au rodi za kuungana ziende chini zaidi palipo na unyevu. Kwenye mwamba, kama Mwanza, unalaza waya wa shaba kwenye mtaro mrefu.

---

MjengoKibaha

Wakuu, nashukuru sana. Mkandarasi mwenye leseni amepima leo, fundi wangu akiwepo. Hajasaini. Ameniachia namba hizi:

Athi: omu 84.
Taa 1 na Taa 2: zaidi ya megaomu 200.
Jiko: zaidi ya 200. Hita: 150.
Ringi ya vyumbani: insulesheni zaidi ya 200. Fezi 0.52, nyutro 0.51, athi wazi.
Ringi ya sebule na jiko: fezi 0.44, nyutro 0.44, athi 0.73. Insulesheni 0.6.

Amesema nifunge RCCB, nitafute athi ya vyumbani ilipokatika, na nitafute tatizo la ringi ya sebule. Fundi anasema 84 ni mbaya, tupige rodi nyingine tatu. Tunaanzia wapi bila kubomoa ukuta?

---

Omu_na_Volti

Huyo mkandarasi mshike, ni wa kweli. Tuchukue moja moja.

Athi 84 si mbaya. Kwa RCCB ya miliampia 30, 84 mara 0.03 ni volti 2.5, kikomo ni 50. Imepita kwa mbali. Rodi ya pili ni nyongeza nzuri kwa ajili ya kiangazi, tatu ni kupoteza hela. Ila tazama namba hiyohiyo bila RCCB: 230 gawa kwa 84 ni ampia 2.7. Kifaa kikivuja hakuna breka itakayojua, na hizo ni wati 630 zinazozama ardhini usiku na mchana, uniti 15 za LUKU kwa siku. Watu wanaolalamika kwamba uniti zinaisha nyumba ikiwa imefungwa, waanzie hapo kabla ya kuilaumu mita.

Ringi ya vyumbani: fezi 0.52 ni kama mita 70 za waya, ni ya kawaida. Athi ilitakiwa isome kama 0.85. Imekatika mahali pamoja, na karibu kila mara ni kwenye soketi, sio katikati ya paipu. Fanya hivi. Kwenye meinswichi chukua ncha za upande mmoja, fezi na athi za paipu lilelile, zifunge pamoja. Ncha za upande wa pili ziache wazi zisigusane na kitu. Nenda soketi ya kwanza upande huo, pima fezi kwa athi. Utapata namba ndogo. Ya pili, itapanda kidogo. Endelea. Soketi ya kwanza utakayokuta iko wazi, na ile ya mwisho iliyosoma, ndizo jirani wa tatizo. Fungua hizo mbili tu. Utakuta athi mbili hazikuingia zote kwenye terminali, au skrubu imebana ganda la plastiki badala ya shaba. Hilo la pili ni la kawaida kuliko unavyodhani: kwa macho linaonekana limekaza.

Ringi ya sebule, megaomu 0.6: gawa nusu kwa nusu. Kwanza hakikisha hakuna kilichobaki kimechomekwa, hata stabilaiza ya friji au chaja. Kisha fungua soketi iliyo katikati ya ringi, toa nyaya zote za upande mmoja, na kwenye meinswichi ziwe zimetoka. Sasa una vipande viwili, pima kila kimoja kwa mega. Kibovu kigawe tena. Kwa soketi nane hutazidi mara tatu. Ningeanza na ya nje ya veranda kama ipo, unyevu huingia kwa nyuma, na ya juu ya sinki. Baada ya hizo, angalia skrubu ndefu ya soketi iliyotoboa waya ndani ya boksi la chuma.

---

DadaSakiti

Na kama mlipiga rangi wiki hii kwa kunyunyizia, fungueni soketi zikauke siku mbili kabla ya kuhangaika. Rangi ya maji ikiingia kwenye boksi inatoa hiyohiyo 0.6.

---

MjengoKibaha

Veranda ndiyo. Boksi lilikuwa na maji ya mvua, halina mfuniko wa mpira. Bila hiyo soketi ringi inasoma zaidi ya 200. Athi ya vyumbani ilikuwa chumba cha pili, skrubu imebana ganda kama ulivyosema. Sasa inasoma 0.86.

La mwisho: meinswichi imejaa, njia zote nane zina breka. RCCB itakaa wapi, na iwe moja au mbili?

---

Mzee_wa_Paipu

Angalia swichi kuu iliyo pembeni ya breka. Kama ni ya nguzo mbili, ampia 63, inachukua nafasi mbili kwenye reli. RCCB ya nguzo mbili ya ampia 63 inachukua nafasi hizohizo. Unaitoa ile, unaweka RCCB, nayo inakata fezi na nyutro ukiizima kwa mkono, kwa hiyo hujapoteza swichi kuu. Hiyo ndiyo rahisi. Chagua RCCB ya aina ya A badala ya aina ya AC ukiwa na mashine ya kufulia au kiyoyozi cha inveta.

Ubaya wake ni kwamba pasi ikivuja nyumba nzima ni giza. Ukitaka mbili utahitaji boksi kubwa zaidi, la njia 12. Gawanya hivi: Taa 1, ringi ya vyumbani na hita upande mmoja, Taa 2, ringi ya sebule na jiko upande wa pili. Ukigawa, kila RCCB iwe na baa yake ya nyutro. Nyutro ya Taa 1 ikikaa kwenye baa ya upande wa pili, moja au zote mbili zitadondoka ukiwasha taa, na fundi atakuja kukuambia RCCB ni mbovu. Si mbovu, imeona kilichokwenda hakikurudi njia ileile. Ni hivyohivyo mafundi wakiazima nyutro ya sakiti nyingine kwenye swichi za korido, kwa hiyo hizo zikaguliwe kabla.

Boksi liwe la plastiki. Kipande cha kutoka kwenye mita mpaka RCCB hakilindwi na RCCB, na boksi la chuma likiguswa na waya hapo kabla yake hakuna wa kukata. Waya wa kutoka kwenye mita uwe 16 na uwe na ganda mara mbili. Wa kwenda kwenye rodi 10 ndani ya paipu, na kwenye kichwa cha rodi weka kishimo chenye mfuniko, sio zege juu yake, maana mkandarasi atataka kuufungua tena siku ya kupima RCCB umeme ukishaingia.

Siku hiyo msisahau kumwita. Jedwali lake lina safu ya milisekunde ambayo bado iko tupu.